Pete ya Almasi: Je, Bei Hiyo ni ya Haki?

Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Methali hii tumeichambua darasani mara nyingi, tukaeleza chanda ni nini na wema wenyewe ni upi, lakini sijawahi kumsikia mtu akiuliza: hiyo pete ni ya bei gani, na bei hiyo imepangwa na nani? Ndugu msomaji, hilo ndilo swali ninalotaka tulishughulikie katika kurasa hizi. Huenda ukacheka ukisema kwamba jambo hili halituhusu sisi wanafunzi wa shule ya kutwa, ambao hata nauli ya matatu ni taabu. Ngoja kwanza. Pete za almasi siku hizi zimefika hata mitaani kwetu. Zinaletwa na dada na shangazi zetu waliofanya kazi nchi za Ghuba. Nyingine zimeachwa na akina nyanya, na nyingine zinauzwa na watu wanaopita na mikoba wakidai wana shida ya haraka. Na penye kitu kidogo cha bei kubwa, hapakosi mtu wa kumpunja asiyejua.

Nianze na jina. Almasi ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na Waarabu nao walilipata kutoka kwa Wagiriki, ambao kwao lilimaanisha kitu kisichoshindika. Jina hilo linafaa, maana hakuna madini mengine ya kawaida yawezayo kuikwaruza almasi. Ajabu ni kwamba almasi ni kaboni tupu. Ni ndugu wa makaa tunayochomea mahindi, na ndugu wa karibu zaidi wa kile kijiti cheusi kilicho ndani ya penseli yako. Tofauti yao ni jinsi atomi zilivyopangwa. Almasi nyingi zilijipanga hivyo yapata kilomita 150 au zaidi chini ya ardhi, kwenye joto kali na mgandamizo usiosemeka, kisha zikasukumwa juu na volkano za kale zikiwa ndani ya mwamba uitwao kimbalaiti. Mwamba huo uliitwa hivyo kutokana na mji wa Kimberley kule Afrika Kusini.

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Jirani zetu Watanzania wana Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako mwanajiolojia Mkanada aitwaye John Williamson aligundua almasi mnamo 1940. Mnamo 1947 palichimbwa pale jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Williamson alimpa Elizabeth, aliyekuwa binti wa mfalme wa Uingereza, liwe zawadi ya arusi. Lilipokatwa na kusuguliwa, likabaki karati 23.6. Hebu zisome tena nambari hizo. Zaidi ya nusu ya jiwe ilipotea ikawa vumbi, na hakuna aliyelia! Mtu asiyejua angedhani ni hasara kubwa, kumbe jiwe lile lilipanda thamani. Kwa hivyo uzito peke yake hautoi bei, ijapokuwa ndio wauzaji wengi hupenda kuutaja kwanza.

Wanaojua kazi hii huipima almasi kwa mambo manne, nayo ni uzito, rangi, usafi na mkato. Utaratibu huu ulienezwa na taasisi ya vito ya Marekani iitwayo GIA, iliyoanzishwa mwaka 1931, na leo unatumika karibu kila mahali.

Uzito hupimwa kwa karati. (Usichanganye na karoti, tafadhali.) Karati moja ni gramu 0.2, yaani karati tano ndizo hufanya gramu moja. Asili ya neno hili ni mbegu za mti mmoja wa pande za Bahari ya Kati, ambazo wafanyabiashara wa zamani walizitumia kama mawe ya mizani. Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wetu. Tunasema karati kwa jiwe na tunasema karati kwa dhahabu, na maana zake ni mbili tofauti kabisa! Karati ya dhahabu si uzito hata kidogo. Ni sehemu ngapi kati ya 24 ambazo ni dhahabu safi. Dhahabu ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu na 6 za metali nyingine, yaani asilimia 75. Kwa hiyo mtu akikwambia "pete hii ni karati 18", usishangilie ukidhani ana jiwe kubwa kuliko la malkia.

Bei ya jiwe haipandi sawasawa na uzito wake. Jiwe la karati moja halilingani na mawe mawili ya nusu karati. Linayazidi, na pengine kwa mbali, kwa sababu mawe makubwa ni adimu. Tena kuna nambari ambazo watu wanazipenda, kama vile nusu na moja kamili, na bei huruka hapo kama mbuzi aliyeona ukuta. Jiwe la karati 0.90 lina upana wa takriban milimita 6.2, na la karati 1.00 lina takriban 6.5. Tofauti ni milimita 0.3. Nani ataiona hiyo kidoleni? Lakini dukani utaiona, kwa sababu utalipa zaidi kwa kila karati. Mimi ningekuwa mnunuzi ningetafuta 0.90 na kunyamaza.

Rangi hupangwa kwa herufi kuanzia D hadi Z. D ni jiwe lisilo na rangi kabisa kama maji ya chemchemi, na kadiri unavyoelekea Z ndivyo linavyokuwa na umanjano au ukahawia. (Mawe ya waridi, buluu au manjano iliyokolea yana hesabu yao wenyewe, na hayo ndiyo ghali kupindukia, kama lile la Mwadui.) Jambo ambalo muuzaji hatakwambia ni kwamba ukiweka jiwe kwenye dhahabu ya manjano, dhahabu yenyewe inalitia umanjano. Kulipia herufi D ili uiweke kwenye dhahabu ya manjano ni sawa na kununua shati jeupe pe pe pe ukavae ukichimba mtaro.

Usafi ni habari ya madoa na nyufa ndogo zilizo ndani ya jiwe. Huangaliwa kwa lenzi inayokuza mara kumi. Jiwe lisiloonyesha kitu chochote huandikwa FL, na lenye madoa yanayoonekana kwa macho matupu huandikwa I, kisha katikati kuna VVS, VS na SI. Wengi hupotezea pesa hapa. Doa ambalo jicho halilioni halipunguzi mng'ao. Jiwe la VS ni safi machoni pa kila mtu utakayekutana naye, isipokuwa awe anatembea na lenzi mfukoni.

Mkato ndio ninaoupenda mimi, kwa sababu tunausoma katika fizikia ya kidato cha tatu bila kujua kwamba tunausoma. Mnakumbuka somo la kupinda kwa mwanga? Kipeo cha kupinda cha kioo cha kawaida ni kama 1.5, na cha almasi ni 2.42. Ukipiga hesabu ya pembe ya mpaka, kioo kinapata takriban digrii 42, almasi digrii 24 na kidogo. Maana yake ni kwamba mwanga ukishaingia ndani ya almasi, unapata taabu sana kutoka. Unagonga ukuta huu, unarudishwa, unagonga ule, unarudishwa, mpaka utokee juu ulikoingilia, umekwisha kutawanyika rangi za upinde wa mvua. Lakini hayo yatafanyika tu ikiwa aliyekata jiwe alizipanga pembe vizuri. Jiwe likiwa fupi mno, mwanga hupenya chini. Likiwa refu mno, hutorokea ubavuni, na katikati ya jiwe panakuwa na weusi kama tundu la kisima. Mawe ya duara ya siku hizi huwa na nyuso 57 au 58, na vipimo vyake vilipigiwa hesabu na Marcel Tolkowsky mnamo 1919. Sasa fikiria mkata mawe anayetaka nambari 1.00 kwa kila hali. Ataliacha jiwe liwe nene tumboni ili lisipoteze uzito. Utalipia karati moja, uvae jiwe lililozubaa. Ndiyo maana nasema tazama mkato kwanza, halafu hayo mengine.

Mambo haya nisingeyafuatilia hivi kama si Shangazi yangu. Shangazi alifanya kazi za nyumbani Ghuba kwa miaka sita, na siku ya kuondoka mama mwenye nyumba alimvua pete kidoleni mwake akampa. Ni pete ya dhahabu yenye jiwe moja la duara. Aliirudi nayo akaiweka ndani ya kopo la chai, chini kabisa ya majani. Mwaka huu binamu yangu alipata nafasi katika chuo cha ufundi, karo ikatakiwa, kopo likafunguliwa. Dalali mmoja wa mjini aliitazama, akaisugua kwenye suruali, akasema, "Mama, hiki ni kioo. Lakini kwa kuwa nakuhurumia, nitakupa elfu kumi na mbili." Jirani yetu naye akaapa kwamba pete hiyo haiwezi kupungua nusu milioni. Basi Shangazi akawa hali wala halali. Akiuza atakuwa amepunjwa, asipouza mtoto atakosa chuo. Aliniambia, "Wewe si ndiye unayesoma? Niambie basi."

Nilichojifunza ni hiki. Bei ya pete ni bei tatu zilizoshikamana. Kuna bei ya dhahabu, kuna bei ya jiwe, na kuna bei ya duka, yaani kodi ya nyumba, mishahara, ushuru, ufundi, faida na lile jina zuri lililoandikwa kwenye kisanduku. Anayekupunja hutaka uzione kama kitu kimoja. Ukizitenganisha, moja moja, unaweza kumuuliza maswali akababaika.

Dhahabu ndiyo rahisi. Tazama upande wa ndani wa pete. Ukiona 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9. Ukiona 925 hiyo ni fedha, si dhahabu, hata ikiwa imepakwa njano. Muhuri unaweza kughushiwa, ndiyo, na ndiyo sababu sonara hujaribu kwa jiwe lake la kusugulia na tindikali, lakini ni mahali pa kuanzia. Ya Shangazi ilikuwa 750. Mwalimu wetu wa kemia alituruhusu kuipima kwenye mizani ya maabara, Shangazi akiwa amesimama kando kama askari wa benki. Ikatoka gramu 4.60.

Kisha jiwe. Je, unaweza kupima uzito wa jiwe bila kuling'oa? Kumbe unaweza, kwa kalipa ya vanieri, ile ile tunayoilaumu kila mtihani! Kwa almasi ya duara, chukua kipenyo, kizidishe kwa kipenyo, zidisha kwa kina cha jiwe, halafu zidisha kwa 0.0061. Vipimo viwe vya milimita, na jibu litakuwa la karati, kwa makadirio. Jiwe la Shangazi lilikuwa na kipenyo cha milimita 6.4 na kina cha 3.9, kwa kuwa pete yenyewe ilikuwa wazi upande wa chini. Hesabu ikatupa karati 0.97, kama ni almasi. Hiyo ni gramu 0.19 tu. Toa hizo katika 4.60, inabaki gramu 4.41 za dhahabu ya karati 18. Zidisha kwa 0.75, unapata gramu 3.31 za dhahabu safi. Bei ya dhahabu hubadilika kila siku, kwa hivyo nitatumia nambari rahisi kwa mfano tu. Tuseme gramu ni shilingi 10,000. Pete ile, hata jiwe likiwa chupa ya soda, ina dhahabu ya shilingi 33,100. Na yule bwana mwenye huruma alitaka kutoa 12,000! Kweli mnunuzi wa dhahabu kuukuu hukata kitu kwa ajili ya kuyeyusha na kupata faida yake, hilo ni haki yake. Lakini si kukata theluthi mbili.

Tukaja kwenye swali gumu, kama ni almasi au la. Hapa mitaani kuna vipimo vingi, na vingine ni vya hatari. Watu husema almasi hukata kioo. Ni kweli, lakini hata mchanga mweupe wa mtoni hukwaruza kioo, na mawe ya bandia pia, kwa hivyo utaharibu dirisha la watu bila kujua lolote. Wengine husema almasi haivunjiki, igonge nyundo. Jamani, msifanye hivyo! Ugumu wa kutokwaruzwa si sawa na ugumu wa kutovunjika. Almasi ina pande ambazo ikigongwa hupasuka, na huko ndiko wakata mawe wa zamani walikotia patasi. Mtu anaweza kupata uhakika kwamba jiwe lake lilikuwa la kweli katika sekunde ile ile anayolipoteza.

Kipimo cha pumzi kina maana kidogo. Lipulizie jiwe kama unavyopulizia miwani. Almasi hupitisha joto upesi sana, kwa hivyo ule ukungu hutoweka mara moja, wakati kwenye kioo hukaa kidogo. Jiwe lililo huru, lisilofungwa kwenye pete, unaweza kuliweka kifudifudi juu ya gazeti. Ukisoma herufi vizuri kupitia ndani yake, una shaka ya haki. Na kama una mizani, kumbuka zirkonia, ambayo ndiyo bandia inayopatikana zaidi, ni nzito. Kwa ukubwa ule ule inaizidi almasi kama mara moja na nusu na zaidi. Lakini vipimo hivi vyote huonyesha tu palipo na shaka. Havitoi hukumu.

Hukumu tuliipata kwa sonara mmoja mzee ambaye baba alimjua. Alitumia kalamu ya kupimia joto, ikalia. Nikadhani tumemaliza. Akatikisa kichwa. "Kijana, kuna jiwe jingine linaitwa moisanaiti. Nalo linapitisha joto, nalo linailiza kalamu hii." Jiwe hilo lilipata jina lake kwa Mfaransa Henri Moissan, aliyelikuta mwaka 1893 katika mabaki ya kimondo kilichoanguka Marekani, na yanayouzwa leo hutengenezwa viwandani. Mzee akachukua kifaa cha pili, kinachopima umeme, akaridhika. Kisha akaliweka jiwe chini ya lenzi, akaligeuza pole pole ubavuni, mahali panapoitwa kiuno cha jiwe. Alikaa kimya kwa muda, halafu akanipa mimi nitazame. Palikuwa na maandishi madogo kuliko mguu wa sisimizi, herufi LG na tarakimu nyuma yake.

Herufi hizo ndizo zilikuwa na habari yote. Jiwe lile lilikuwa almasi, lakini almasi iliyokuzwa maabara. Nambari tukaitafuta kwa simu ya baba katika orodha ya maabara iliyolipima, tukapata ripoti yake: karati 0.96, rangi F, usafi VS1. (Karati 0.96, sisi kwa vanieri 0.97. Nilitamani mwalimu wa fizikia awepo.)

"Kwa hivyo si kioo?" Shangazi akauliza.

"Si kioo, mama. Ni almasi. Ila hii haikuchimbwa, ilitengenezwa."

"Basi yule dalali alinidanganya, na jirani naye akanidanganya."

"Jirani hakukudanganya," mzee akasema. "Amekutakia mema kupita kiasi."

Hapa wasomaji wengi watauliza, kama ni almasi kweli, ina tofauti gani? Kwa kemia na fizikia, hakuna tofauti ya maana. Ni kaboni ile ile, ugumu ule ule, mng'ao ule ule. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilifaulu kutengeneza almasi mnamo 1954 kwa mgandamizo mkubwa na joto, na leo kuna pia njia ya kuikuza kutokana na gesi, tabaka juu ya tabaka. Kwa macho huwezi kuitenganisha na ya ardhini, wala kwa kalamu ya joto. Hutenganishwa kwa mashine maalumu, au kwa maandishi kama yale. Tofauti iko kwenye bei. Cha ardhini kina kikomo, cha maabara unaweza kuongeza mashine. Mnamo 2018 kampuni ya De Beers, ambayo ni ya zamani sana katika almasi za kuchimbwa, ilianza kuuza mawe ya maabara chini ya jina Lightbox kwa dola 800 kwa karati, wakati jiwe zuri la kuchimbwa la uzito huo lilikuwa la maelfu ya dola. Baadaye bei za maabara zilishuka hata kupita hapo, na mwaka 2025 De Beers ikatangaza kuifunga Lightbox. Kwa hivyo mtu akinunua jiwe la maabara kwa bei ya maabara, amenunua kitu kizuri kwa haki. Akiuziwa kwa bei ya kuchimbwa, ameibiwa mchana. Na akitaka kuliuza tena, atapata kidogo sana.

Mzee hakutaka kulinunua jiwe. Alisema wazi kwamba akilihitaji ataagiza jipya kwa bei ndogo. Alipima pete mbele yetu, akalitoa jiwe kwa koleo dogo akaliweka kiganjani mwa Shangazi, akapima tena bila jiwe, akatuonyesha bei ya dhahabu ya siku hiyo kwenye simu, akatoa fungu lake na kutuambia ni kiasi gani. Shangazi alipokea shilingi 38,000, akapewa na risiti. Karo ya muhula wa kwanza ikalipwa siku ya Jumatatu. Jiwe limo ndani ya kopo la chai.

Wala msidhani kwamba ingekuwa ya kuchimbwa basi jirani angekuwa sahihi. Hata almasi ya ardhini ikitoka dukani inapoteza sehemu kubwa ya bei yake, maana ile bei ya tatu, ya duka, hairudi. Duka lenyewe linanunua kwa bei ya jumla, kwa nini likulipe wewe bei ya rejareja? Wazo kwamba bila almasi hakuna uchumba, na kwamba haishuki thamani milele, lilitiwa nguvu na matangazo ya De Beers huko Marekani kuanzia mwisho wa miaka ya 1930. Bibi zetu waliolewa kwa ng'ombe na mbuzi na ndoa zikadumu. Simkatazi mtu pete, nasema tu ajue analipia nini.

Sasa kwa wale kaka na dada watakaonunua siku moja. Usimuulize muuzaji "hii ni bei gani?" Muulize kwanza dhahabu ni ya muhuri gani na pete nzima ina gramu ngapi, jiwe ni la karati ngapi, ni la kuchimbwa au la maabara. Akisema "ni ya kweli", hajakujibu, kwa sababu zote mbili ni za kweli. Omba ripoti ya maabara inayojitegemea, kama GIA au IGI, si karatasi iliyopigwa chapa na duka lenyewe, na omba lenzi ulinganishe nambari ya ripoti na ile iliyo kiunoni mwa jiwe. Mawe madogo sana kwa kawaida hayana ripoti, na hapo linganisha maduka matatu kwa uzito, rangi na usafi ule ule. Litazame jiwe mbali na zile taa kali za dukani, karibu na dirisha. Taa zile zinaweza kumeremesha hata kipande cha barafu. Kama bei ni nusu ya maduka mengine yote na muuzaji ana haraka, mwache aende na haraka yake.

Risiti iandikwe kila kitu: muhuri, gramu, karati, rangi, usafi, kuchimbwa au maabara, na nambari ya ripoti. Neno "pete ya almasi" peke yake kwenye risiti halitakusaidia popote. Na ukishaivaa, tazama mara kwa mara yale makucha madogo yanayolishika jiwe, kwa sababu huchakaa polepole kwa kukwama kwenye sweta na nywele. Itikise pete karibu na sikio. Ukisikia mlio mdogo wa tik tik, ujue kucha moja limelegea, uivue siku hiyo hiyo uipeleke kwa sonara ikazwe.